Ngamia Huyu ni wa Nani?

Nilimpigia makofi mama aliyekuja kumtoa mwanawe katika mchezo wangu. Nikawaomba na wengine wampigie. Nilisimama katikati ya duara, mikono juu, nikasema kwa furaha: "Karibu mama! Mpigieni makofi!" Watoto walipiga. Watu wazima hawakupiga.

Ilikuwa Modogashe, Jumamosi moja baada ya alasiri, chini ya mgunga ulio nje ya uzio wa shule. Ni miaka minane sasa. Kisa hiki nimekisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili nilikipunguza. Leo nakieleza chote, kwa sababu vijana wengi wanaingia katika kazi ya kuigiza na watoto, na nilichokikosea mimi anaweza kukikosea mtu yeyote mwenye nia njema na haraka.

Kwanza kazi yenyewe. Maigizo ya papo kwa papo hayaandikwi wala hayakaririwi. Mwezeshaji anatupa swali, mtoto analidaka, jibu lake linakuwa mahali, mahali panapata watu, watu wanapata shida, na kila aliyekaa kutazama ana ruhusa ya kuingia. Naanza na watoto wa miaka 7 hadi 12, wazazi wakiwa wamekaa nyuma yao. Kazi ikienda vizuri, baada ya nusu saa baba mmoja amekuwa mbuzi na bintiye ndiye mchungaji. Nimewaona wazee wakicheka mpaka wakajifuta machozi kwa kuchungwa na wajukuu wao. Naipenda kazi hii. Niliipenda siku ile pia, na kwa kuipenda niliiamini kupita kiasi.

Ina kanuni mbili kubwa. Ya kwanza ni kutokataa. Mwenzako akisema mko baharini, basi mko baharini, na wewe unaongeza kwamba mashua inavuja. Ya pili ni kutaja. Usiseme mnyama, sema ngamia. Usiseme ngamia tu, sema ni wa rangi gani, anachechemea mguu upi, ni wa nani. Mchezo ukidorora, mwezeshaji anauliza swali la kutaja na mchezo unaamka. Kanuni hizi zilitokana na michezo ya watoto kabla hazijafika kwenye majukwaa ya watu wazima. Viola Spolin wa Chicago aliisomea michezo kwa Neva Boyd pale Hull House, akaitumia kwa watoto wa mitaa ya wahamiaji, na kitabu chake cha mwaka 1963 kimefundisha watu wa fani hii duniani kote. Kwetu Kenya tumeichanganya na sigana, neno la Kijaluo lenye maana ya hadithi, ambapo msimulizi na wasikilizaji wanaitunga hadithi pamoja. Kundi la Amani People's Theatre la Nairobi lilikuwa likitumia maigizo ya namna hii kupatanisha watu tangu miaka ya tisini. Kwa hiyo sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na miaka sita kazini, nilikuwa nimecheza na watoto Mombasa, Kilifi na Kibera, na nilikuwa nimefundisha wengine.

Katika mafunzo hayo kila mara nilisimulia kisa kimoja cha Augusto Boal, Mbrazili aliyeanzisha jukwaa ambalo mtazamaji anaingia na kubadilisha mchezo. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika mpango wa kufundisha watu wazima kusoma. Wakaigiza kisa cha mwanamke asiyejua kusoma, ambaye mumewe alimpa karatasi amtunzie, akimwambia ni risiti za nyumba wanayojenga. Jirani alipomsomea, akakuta ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Watazamaji wakaulizwa mke afanye nini. Mama mmoja alitoa shauri lake, waigizaji wakalijaribu, hakuridhika. Wakajaribu tena, bado. Mwishowe Boal akamwambia apande mwenyewe aonyeshe. Akapanda, akashika mpini wa ufagio, akamtandika yule mume wa maigizo, kisha akamsamehe. Boal aliandika kwamba siku hiyo alielewa mtazamaji anaweza kuingia jukwaani kwa miguu yake.

Kisa kizuri. Nilikisimulia mara nyingi kiasi kwamba kilikaa machoni pangu kama miwani. Mwanamke yeyote aliyeinuka kutoka kwenye hadhira na kuja jukwaani, mimi nilimwona yule mama wa Peru.

Modogashe ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Garissa inakutana hapo na ile inayotoka Isiolo kupitia Garbatulla, kisha safari inaendelea Habaswein na Wajir. Uko Lagdera, kaunti ya Garissa, na mpaka wa Isiolo uko karibu mno. Wasomali na Waborana wanakutana visimani, sokoni na shuleni, na mara nyingine wamekutana kwa ubaya. Mwaka 2001 viongozi wa jamii za wafugaji walikaa katika mji huu wakaafikiana juu ya wizi wa mifugo, malisho, silaha haramu, ujambazi wa barabarani na fidia. Makubaliano hayo yanaitwa Azimio la Modogashe, na mwaka 2005 yalipitiwa upya Garissa. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya miaka mingi, hasa ile ya akina mama wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walioanza kwa kuhakikisha kwamba sokoni mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua kwa salama.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu kifungu kilichonivutia katika azimio lile: anayetaka kuingiza mifugo katika malisho ya wenzake aombe kwanza idhini ya wazee wa huko. Niliandika ili nikitumie katika mchezo. Sikufikiri kwamba kinanihusu mimi.

Tulipaswa kufika Jumatano, tukae na wazee Alhamisi, tucheze Jumamosi na Jumapili. Gari liliharibika njiani, tukalala mara mbili mahali ambapo hatukupanga, tukaingia Ijumaa wakati watu wanatoka msikitini. Mwalimu kijana wa shule ile, ambaye ndiye angekuwa mkalimani wangu, alitupokea kwa ukarimu mkubwa. Baada ya chai aliniambia kuna mzee angependa tukae naye jioni ile, yeye na wenzake wawili. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na vifaa vya kupanga na watoto wa kufanya nao mazoezi asubuhi. Nikamwambia tutawaona baada ya onyesho, tena itakuwa vizuri zaidi kwa sababu watakuwa wameshaona tunachofanya. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa.

Kosa la kwanza ni hilo. Lilichukua sekunde kumi.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Akina mama walikaa upande wa kivuli kizito, wanaume upande wa barabara, wengine wamesimama wakiegemea fimbo zao. Watoto walikaa mbele, kama 60. Nilianza vizuri, nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimejifunza namna Wasomali wanavyofungua hadithi. Nikaita: "Sheeko, sheeko!" Duara zima likajibu: "Sheeko xariir!" Hadithi ya hariri. Mimi niliyelelewa kwa paukwa pakawa nilisisimka mwili mzima. Nikawaambia kwa Kiswahili kwamba kwetu pwani bibi akisema "paukwa" unajibu "pakawa", tukajaribu na hiyo, wakaipokea kwa kicheko. Baada ya hapo wangenifuata popote. Ndiyo sababu inaniuma. Watoto walikuwa wameniamini.

Tukajenga kisima. Wavulana wawili wakawa ngamia, wameinama chini ya blanketi langu la kijivu, wa mbele amenyoosha mkono juu kuwa shingo, kiganja kimekunjwa kuwa mdomo. Ngamia alitembea vizuri ajabu. Watoto wale wameishi na ngamia, walijua jinsi anavyoyumba. Watu wakashangilia. Msichana mmoja akateka maji kwa ndoo isiyokuwepo, akalalamikia uzito wake. Mama mmoja kutoka kwenye hadhira akamwambia asiumize mgongo, apige magoti. Mchezo ukawa wa kila mtu.

Kisha ukadorora kidogo, kama inavyotokea. Ngamia amekunywa, sasa nini? Nikafanya nilichozoea. Nikamgeukia mvulana wa miaka tisa hivi aliyekuwa mchungaji, mwembamba, mchangamfu, nikamuuliza: "Ngamia huyu ni wa nani?"

Hakujibu kwa mdomo. Aliokota kipande cha mkaa palipokuwa pamepikwa chai yetu, akaliendea lile blanketi, na upande wa paja la ngamia akachora alama. Alichora taratibu, ulimi nje, kama mtoto anayeandika jina lake. Wasomali wanaiita sumad. Ni chapa ya moto inayotiwa kwenye mwili wa ngamia, na kila ukoo una yake. Sitaieleza ilivyokuwa. Niseme tu kwamba aliichora sawasawa.

Kelele zikapungua. Niliposikia ukimya ule nilifurahi. Katika fani yetu kuna ukimya unaotafutwa, ule wa hadhira iliyoingia ndani ya kisa mpaka ikasahau kupumua, na mimi niliamini nimeupata. Mbele yangu palikuwa na mtoto anayetaja bila kusukumwa, kama kanuni inavyotaka. Nikauliza swali la pili. "Na nani amemchukua?"

Mkalimani hakutafsiri.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama chini. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, "Tafsiri, mwalimu." Akatafsiri. Mvulana akainua mkono wenye mkaa, akamwonyesha mtoto mwenzake aliyekuwa chini ya blanketi, miguu ya nyuma ya ngamia, akataja jina la baba wa mtoto huyo.

Wakati huo ndipo mama yake mchungaji aliinuka. Alikuja moja kwa moja katikati, mrefu, mtandio wake mweusi ukiburura vumbi. Nami nikamwona mama wa Peru. Nikasema yale niliyoyasema, nikapiga makofi.

Hakunitazama. Alifika kwenye lile blanketi, akashika ncha ya mtandio wake, akaanza kufuta alama. Mkaa haufutiki kwenye sufu, unaenea. Akafuta tena kwa nguvu zaidi, mpaka pale palipokuwa na mistari pakabaki doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. Kisha akamshika mwanawe mkono, si kwa ukali, akageuza uso kuelekea upande wa wanaume. Nikafuata macho yake. Wazee watatu walikuwa wameinuka na walikuwa wanavaa makubadhi yao. Pembeni kidogo mwanamume mmoja alikuwa bado amekaa, shuka limefunika mdomo wake, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamejisogeza, pakawa na nafasi tupu kila upande wake.

Mikono yangu ilikuwa bado juu. Niliishusha. Mkalimani akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hapa hakuna mchezo tena. Huyo ngamia yupo."

Chini ya blanketi yule mtoto mwingine alikuwa bado ameinama. Hakuna aliyemwambia ainuke. Nililiondoa blanketi mimi, nikakuta anatokwa na jasho, na anaangalia viatu vyangu.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee ambaye nilikuwa nimeahirisha kumwona. Mwalimu alimwita adeer, baba mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinikaribisha chai ya maziwa ya ngamia, akangoja nimalize kikombe. Hakunigombeza. Alinieleza kwa utaratibu. Wiki sita kabla, ngamia jike alikuwa amepotea. Familia moja ilishuku familia nyingine. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamelichukua jambo lile na kuliweka mahali pa kimya, wakiwahoji watu mmoja mmoja, wakituma ujumbe kwa kundi hili na lile, na walikuwa wameomba kila nyumba isitamke jina. Kushuku kwa moyoni kunavumilika, alisema. Jina likishatamkwa mbele ya watu, aliyetajwa hana budi kulijibu, na asipojibu kunyamaza kwake kunahesabiwa. Hilo ndilo alilotaka kuniambia Ijumaa: kwamba kwa siku zile tusicheze mambo ya mifugo.

Nikamuuliza mtoto alijuaje. Akasema mtoto hulala ndani ya hema moja na baba yake. Husikia.

Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari bila kuwasha taa. Ninachokumbuka ni kwamba nilitafuta kwa bidii mahali ambapo kosa lilikuwa la mtu mwingine. Gari lililoharibika. Mwalimu, ambaye angenisisitizia. Mtoto. Nilizunguka nao wote na kila mmoja akanirudisha palepale. Mtoto niliyemwuliza swali alijibu swali. Mkalimani alininyamazia na nikamwamuru. Wazee waliniita na sikwenda. Nilikuwa nimeongoza mchezo mzima kwa kanuni ya kupokea kila kinacholetwa, na nilipoletewa ukimya wa watu 200, ule sikuupokea. Niliutafsiri ninavyotaka.

Boal aliwahi kuungama jambo la namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, kaskazini mashariki mwa Brazil, yeye na wenzake waliwaigizia wakulima mchezo wa kuwahimiza wachukue silaha wakapiganie ardhi. Mkulima mmoja, Virgílio, akawaalika: twendeni basi, na bunduki zenu hizo. Wakalazimika kumwambia bunduki zao ni za maigizo na wao ni wasanii. Boal aliona aibu iliyombadilishia maisha. Nilikijua kisa hiki pia, ila sikupenda kukifundisha. Cha Peru kilikuwa kinachangamsha darasa zaidi.

Jumapili asubuhi wazee waliniita kwenye baraza fupi, pande zote mbili zikiwepo. Hawakunitoza kitu. Waliniomba niseme mbele ya watu kwamba jina lile lilitoka kwenye swali langu, kwamba mtoto alijibu kwa kumtii mgeni mkubwa, na kwamba lihesabiwe halikutamkwa. Nikasema. Mwalimu akatafsiri neno kwa neno. Nikaomba radhi kwa baba aliyetajwa, akaitikia kwa kichwa. Kwa mama wa mchungaji niliomba radhi kupitia kwa mwanamke mzee, kwa kuwa hakuwepo. Onyesho la Jumapili halikufanyika. Saa tano tulikuwa tumeshafunga mizigo.

Gharama yenyewe ni hii. Kazi ya wiki sita ya wazee ilianza upya. Familia iliyotajwa ilimtoa mtoto wao shuleni muhula ule. Wale wavulana wawili walikuwa wakikaa dawati moja, hilo nililijua baadaye. Mwalimu alilaumiwa kuliko mimi: yeye ndiye mwenyeji, yeye ndiye aliyelitamka swali la pili kwa Kisomali, na yeye ndiye aliyebaki gari letu lilipoondoka. Shule ilifunga mlango kwa makundi ya maigizo kwa muda mrefu. Na watoto 60 waliokuwa wamejibu "sheeko xariir" kwa sauti moja walifundishwa na siku ile kwamba ukialikwa kucheza, unaweza kuiponza nyumba yenu.

Tangu hapo nimejisomea zaidi kuliko nilivyosoma miaka sita ya kwanza. Nilikwenda kaskazini nikidhani nawapelekea watu sanaa ya papo kwa papo. Wasomali wana riwaayad, tamthilia yao ya jukwaani, iliyoshamiri Mogadishu na Hargeisa katika karne iliyopita. Mwandiko rasmi wa Kisomali ulipitishwa mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo tamthilia ziliishi vichwani. Mashairi yalikaririwa bila kupotezwa neno, na mazungumzo ya kawaida kati ya mashairi waigizaji waliyatunga palepale. Walijua tangu zamani ni kipi kinaachwa huru na ni kipi kinafungwa. Nami nilifika na kanuni ya kuacha vyote huru.

Wana pia watu wao wa hadithi. Yuko Dhegdheer, jimwanamke la masikio marefu linalokula watu. Yuko Cigaal Shiidaad, mwoga wa kupindukia, ambaye visa vyake vinachekesha mpaka leo. Mtoto akimwigiza Cigaal anatetemeka mbele ya kisiki akidhani ni simba, hakuna nyumba inayodhalilika. Kila mtu aliyepo ana woga wake na anaweza kuucheka bila kuulizwa ni wa nani. Ningeanza na Cigaal, tungecheza siku mbili, na wazee wangecheka pamoja nasi. Tena watoto wangesema mengi ya kweli, wakiwa wamejifunika jina lake.

Sasa nafanya kazi kwa namna nyingine. Sichezi mahali ambapo sijakaa na wenyeji kwanza, na nikichelewa naahirisha onyesho. Kikao nakiacha palepale. Nawauliza swali moja: ni jambo gani hapa linashughulikiwa kimya kwa wakati huu? Wakinijibu, silisogelei hilo. Wasiponijibu, nacheza fisi na sungura. Mkalimani wangu ana ruhusa ya kukataa kutafsiri, na tunaijulisha hadhira nzima kabla ya kuanza kwamba akinyamaza, mchezo unahamia kwingine bila maelezo. Na simwulizi mtoto mali ni ya nani, hata ikiwa mali yenyewe ni wavulana wawili chini ya blanketi. Wewe unayefanya kazi hii, nakuomba hilo la mkalimani ulichukue kama lilivyo. Mimi nililipia hilo kwa heshima ya mtu mwingine.

Blanketi ninalo bado. Limefuliwa mara nyingi na doa limebaki, limefifia likawa rangi ya moshi. Natumia upande wa pili.

Mwaka uliofuata nilipigiwa simu na yule mwalimu. Tulikuwa tumeendelea kusalimiana, jambo ambalo sikustahili na ninamshukuru. Aliniambia ngamia alikuwa amepatikana upande wa Garbatulla, mzima, na ndama wake. Alikuwa amepotea mwenyewe akajiunga na kundi la watu wengine, nao wakamtunza mpaka mwenye mali akapatikana kwa kuitambua alama ya pajani. Hakuna aliyekuwa amemwiba. Nikamuuliza kama yule mtoto, miguu ya nyuma ya ngamia, amesharudi shuleni. Akasema familia ilihama kabla ya ngamia kuonekana, na mtoto anasoma Habaswein.